Shule ya Wote na Shule ya Waliochaguliwa

Katika miji yetu limezuka jina la utani ambalo wanafunzi wanalifahamu vizuri kuliko wakubwa wao. Shule ya msingi ya serikali huitwa Kayumba, na wengine huongeza kejeli wakaiita Mtakatifu Kayumba, kwa kuwa shule nyingi za kulipia zina majina ya watakatifu, na hii ya wote haina mtakatifu wake. Mtu akisema, "Mwanangu anasoma Kayumba," huwa amekwisha kutoa habari ya mfuko wake, ya mtaa wake, na pengine ya matumaini yake. Jina la utani ni jambo dogo, lakini watu hawatungi jina bila ya kuwa na neno moyoni. Neno lililomo katika jina hili ni swali, nalo ndilo ninalotaka tulichungue: je, shule isiyochagua watoto ina thamani gani mbele ya shule inayowachagua? Na mzazi amwondoapo mwanawe katika ile ya kwanza akampeleka katika hii ya pili, amemkosea mtu yeyote?

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maana. Watu wengi hudhani shule ya umma ni shule iliyojengwa kwa fedha za serikali na kufundishwa na walimu wa serikali. Hiyo ni sura yake ya nje. Kwa maoni yangu, shule ya umma ni ile ambayo mtoto akifika mlangoni, mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumwuliza kama anafaa. Anaweza kumwuliza umri wake na mtaa anakotoka, basi. Mtoto awe mwepesi au mzito wa kuelewa, awe na viatu au hana, awe na mzazi mkali wa kufuatilia daftari au bibi asiyejua kusoma, mahali pake pameandikwa tayari. Shule nyingine zote, hata zikiwa nzuri namna gani, zina mlango wenye bawabu.

Fikira hiyo haikuletwa kwetu na meli. Katika makabila mengi ya nchi hii vijana wa rika moja waliingia jandoni pamoja, wakalala chini pamoja, wakafundishwa na mwalimu mmoja nyimbo na miiko ileile. Baba mwenye ng'ombe wengi hakuweza kumnunulia mwanawe jando la peke yake. Na kama angeweza, kijana huyo angetoka humo bila ya rika, na mtu asiye na rika alikuwa nusu mtu. Tusiipambe jadi kuliko ilivyokuwa, kwani pwani walikuwapo waungwana na watwana, na mafunzo ya wasichana yaliwapeleka wengi kwenye ndoa kabla ya wakati. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwapo: kwamba kufundisha mtoto ni kazi ya kumwingiza katika jamii, na kwa sababu hiyo haiwezi kuachiwa baba yake peke yake.

Wakoloni walituachia mpango ulio kinyume kabisa. Tulipopata uhuru mwaka 1961, shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, na za Waafrika, na hizi za mwisho zikigawanyika tena kwa madhehebu. Mgawanyo wa rangi ulifutwa mara tu baada ya uhuru. Mwalimu Nyerere akaandika *Elimu ya Kujitegemea* mwaka 1967, akaeleza kwamba elimu tuliyorithi iliwatenga wachache na kuwafundisha kujiona tofauti na wazazi wao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaiwezesha serikali kuzitwaa shule za mashirika ya dini. Vijana wa sekondari wakapelekwa mikoa ya mbali na kwao, mtoto wa Bukoba akijikuta bweni moja na mtoto wa Mtwara. Kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kila mtoto aliyefikia umri aingie shule ya msingi kufikia mwaka 1977.

Mimi ni mtoto wa agizo hilo. Darasa letu la kwanza lilikuwa na watoto wengi kuliko matofali ya kukalia, na mwalimu wetu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, akijifunza kazi huku akiifanya. Sitaki kusema kwamba tulifundishwa vizuri. Hesabu za sehemu nilizielewa ukubwani. Lakini mtoto wa katibu wa kata alikaa chini nasi, na mtoto wa mwenye duka vilevile, na mvua ilipoezua bati la darasa, bati lile lilirudishwa kabla ya wiki kwisha. Nitalirudia bati hilo baadaye, kwa sababu limebeba hoja yangu.

Jengo hilo la shule moja kwa wote lilikuwa na nyufa tangu mwanzo. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa haba mno, na wengi waliofaulu darasa la saba walirudi nyumbani. Wazazi hawakukubali. Kilimanjaro na Kagera, na baadaye kila mahali, wananchi, makanisa na Jumuiya ya Wazazi walijenga sekondari zao, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha shule hizo zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaufungua mlango wazi kwa watu binafsi katika ngazi zote. Ndipo zikaja shule za msingi za Kiingereza, mabasi ya njano, na sare zenye nembo. Kwa upande mwingine serikali nayo ilipanua: ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, shule za kata zikaenea kuanzia mwaka 2004, na ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikaondolewa mwaka 2016. Mlango ukawa mpana, lakini wengi walioingia hawakumkuta mwalimu wa fizikia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mwaka 2013, yalionyesha watahiniwa wapatao sita katika kila kumi wamepata sifuri. Serikali ikalazimika kuyafuta na kuyapanga upya. Mzazi aliyeyasoma magazeti siku zile, na aliyekuwa na akiba yoyote, hakuhitaji mhubiri wa kumshauri la kufanya.

Kwa hiyo mzazi huyo nisimtupie jiwe. Wajibu wake wa kwanza ni kwa mtoto aliyemzaa, na mtoto hangoji mageuzi. Miaka saba ya shule ya msingi ikipita imepita. Anayemwambia mama mchuuzi wa samaki kwamba ampeleke mwanawe katika darasa la watoto mia moja na ishirini kwa ajili ya umoja wa taifa, ilhali yeye mwenyewe wanawe wanasoma kwingine, anastahili kujibiwa kwa ukali. Nimewahi kuketi katika vikao vya ofisi ambamo hali ya shule za kata ilijadiliwa kwa saa nzima, na sidhani kama meza nzima ilikuwa na mtu mmoja mwenye mtoto katika shule hizo.

Hata hivyo, kumtetea mzazi si kuitetea kila hesabu inayofanywa kwa jina lake. Angalia jinsi tunavyozilinganisha shule zenyewe. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora, na magazeti yakazipamba. Shule nyingi za orodha ile zilikuwa za kulipia au seminari, pamoja na chache za serikali zenye wanafunzi wa vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe na Kibaha, ambazo nazo huchagua. Mwezi wa Januari 2023, yalipotolewa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza liliacha kutangaza orodha hiyo. Wengine walinung'unika. Mimi nadhani lilifanya sawa, maana orodha ile ilitujibu swali ambalo hatukuuliza. Tulitaka kujua ni shule gani inayofundisha vizuri. Orodha ikatuambia ni shule gani iliyowapata watoto ambao wangefaulu popote.

Liko pia jambo linaloitwa mchujo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu asiyefikisha wastani uliowekwa na shule huambiwa akariri au ahame. Viongozi wa wizara wamelikemea hadharani, nalo halijaisha. Kijana huyo hapotei duniani. Anaonekana wiki chache baadaye katika shule ya kata, na mwaka unaofuata anafanya mtihani akihesabiwa kuwa mtoto wa shule ya kata. Sifuri yake inaandikwa kwa mwalimu aliyemfundisha mwaka mmoja, na shule iliyomfundisha miaka mitatu inabaki na jedwali safi. Hebu mwalimu wa hisabati awaulize wanafunzi wake kama ulinganisho wa namna hiyo una maana yoyote.

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna njia ya katikati, yaani shule isiyotoza ada, isiyochagua, na bado yenye uhuru na bidii ya shule binafsi? Njia hiyo imejaribiwa kwa zaidi ya miaka thelathini nchini Marekani, na kwa kuwa watu wa kwetu huitaja bila ya kuifahamu, inafaa tuitazame kwa makini. Nchi ile nayo ilijenga taifa kwa shule ya wote. Horace Mann, aliyekuwa katibu wa kwanza wa bodi ya elimu ya Massachusetts kuanzia mwaka 1837, alihubiri shule moja ambamo mtoto wa tajiri na wa maskini wangesoma pamoja, ingawa watoto weusi waliendelea kutengwa katika sehemu kubwa ya nchi kwa miaka zaidi ya mia moja. Mwaka 1988 kiongozi wa chama cha walimu, Albert Shanker, alipendekeza walimu wapewe nafasi ya kuanzisha shule ndogo za majaribio ndani ya mfumo wa umma. Jimbo la Minnesota likatunga sheria mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Shule hizi nitaziita shule za mkataba. Kikundi cha watu hupewa mkataba wa miaka kadhaa. Hulipwa na fedha za umma kwa kila mtoto. Huachiwa kanuni nyingi za kawaida. Na ahadi ikivunjwa, mkataba hufutwa na shule hufungwa. Haziruhusiwi kutoza ada, na waombaji wakizidi nafasi hupigwa kura ya bahati nasibu. Shanker mwenyewe, alipoona makampuni yameingia na walimu wamesukumwa pembeni, aligeuka mpinzani.

Je, zimefanikiwa? Jibu la kweli halimfurahishi shabiki wa upande wowote. Uchunguzi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2009, uliohusu majimbo 16, ulikuta kwamba katika hisabati asilimia 17 ya shule za mkataba ziliwapita majirani zao wa umma, asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Watafiti haohao, mwaka 2023, walikuta hali imegeuka: kwa wastani wanafunzi wa shule za mkataba walikuwa mbele kwa kiasi cha siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hisabati. Siku sita kwa mwaka si mlima. Lakini wastani huficha mengi. Katika jiji la Boston, watafiti waliwafuatilia watoto walioshinda bahati nasibu na walioshindwa, nayo ni njia ya haki ya kulinganisha, maana wote wawili wana wazazi walioomba. Walioshinda walipata faida kubwa ya kweli. Na kwa upande mwingine, shule za mkataba zinazofundisha kwa kompyuta bila ya darasa zilikutwa mwaka 2015 zikiwa nyuma mno, kana kwamba mtoto hakufundishwa hisabati kabisa mwaka mzima.

Mji unaonifikirisha zaidi ni New Orleans. Shule zake za umma zilikuwa zimeoza kwa miaka mingi kabla ya tufani Katrina ya Agosti 2005 kuugharikisha mji. Baada ya maji kupwa, jimbo la Louisiana lilizitwaa shule nyingi, wafanyakazi zaidi ya 7,000 wakaachishwa kazi, wengi wao walimu weusi waliokuwa nguzo za mitaa yao, na shule zikaanza kukabidhiwa kwa mikataba, hata kufikia mwaka 2019 mji mzima ukawa wa shule za mkataba. Alama za watoto zilipanda sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane mjini humo wamelithibitisha hilo, na itakuwa ukaidi kulikataa.

Lakini tazama kilichotokea pembeni mwa alama hizo. Kila shule ilikuwa huru, na kila moja iliwajibika kwa watoto waliomo katika daftari lake. Nani basi aliwajibika kwa mtoto asiyekuwamo katika daftari lolote? Mwaka 2010 wazazi wa watoto wenye ulemavu walikwenda mahakamani, wakidai kwamba watoto wao wanakataliwa au wanapokewa bila ya kuhudumiwa. Mzazi aliyekuwa na gari na muda wa kuzunguka alipata nafasi. Asiye navyo alizunguka kwa miguu. Mwaka 2012 ikabidi iundwe ofisi moja ya kusajili watoto mji mzima, ili shule isijichagulie, na kufukuzwa shule nako kukawekwa chini ya utaratibu mmoja. Mwaka 2018 shule zikarudishwa chini ya bodi iliyochaguliwa na wakazi wa mji. Na mwaka 2024 bodi hiyo ikafungua tena shule yake yenyewe, inayoiendesha moja kwa moja bila ya mkataba. Yaani mji uliovunja nyumba ya umma mpaka msingi, hatua kwa hatua umekuwa ukiijenga upya, kwa sababu palikuwa na kazi moja ambayo hakuna shule huru iliyokuwa tayari kuifanya.

Kazi hiyo ndiyo ninayoiita thamani ya shule ya wote. Haiko katika jengo, wala haiko katika ubora wa mwalimu, ambaye aweza kuwa bora popote au hafifu popote. Iko katika kujibu kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna aliyemwomba. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Shule hii ndiyo mgongo uliobeba mawe ya watu wote, na kisha tunaicheka kwa sababu inatembea polepole.

Sasa nirudi kwenye bati. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alitoa kitabu kilichoanza na kitendawili cha reli ya Nigeria. Reli ilikuwa mbovu, malori yakaja, na badala ya reli kuamka kwa ushindani, ilizidi kulala. Sababu aliyoiona ni kwamba wateja waliokwenda kwenye malori ndio waliokuwa na sauti kali. Waliobaki hawakuwa na wa kumlalamikia. Aliona jambo lilelile katika shule za umma: wazazi wanaojali zaidi ndio wa kwanza kuondoka. Darasa letu la miaka ya 1970 lilirudishiwa bati kwa sababu mtoto wa katibu wa kata alikuwa analoa. Leo mvua ikinyesha katika shule ya kata, mwenye uwezo wa kupiga simu halowi, wala mwanawe haloi, wala mjukuu wake.

Hapo ndipo kosa lilipo, ikiwa kosa lipo. Mzazi mmoja anayeondoka hamkosei jirani kwa kuondoka. Anamkosea akidhani kwamba kwa kulipa ada amemaliza deni lake kwa shule iliyo ng'ambo ya ukuta wake. Shule ile itamfundisha fundi atakayemjengea nyumba, muuguzi atakayemchoma sindano, askari atakayemlinda usiku. Itamfundisha pia mchumba wa binti yake, kama mapenzi hayajali nembo ya sare, nayo kwa kawaida hayajali.

Na liko deni la lugha, ambalo katika mkusanyiko wa insha za utamaduni siwezi kulipita. Mtoto wa Kayumba anasoma sayansi na hesabu kwa Kiswahili, na mwenzake wa basi la njano anazisoma kwa Kiingereza tangu akiwa na miaka sita, na mara nyingine huadhibiwa akisema Kiswahili uwanjani. Halmashauri kadhaa nazo zimefungua shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza, ambazo wazazi huchangia ada. Kwa hiyo bawabu ameingia hata katika nyumba ya umma. Sina ugomvi na Kiingereza, nimekitumia kazini miaka mingi. Ninachohofia ni watoto wawili wa mtaa mmoja wasiokuwa na fumbo moja la pamoja, wala wimbo mmoja wa mchezo. Tulipata uhuru tukiwa na shule za rangi tatu tukazifuta kwa sheria. Hizi za lugha mbili zinaota zenyewe, na hakuna sheria iliyozitaja kwa jina hilo.

Sidai shule binafsi zifungwe. Kuzitwaa tulikwisha kujaribu, na zingine zilizokuwa imara zilidhoofika mikononi mwetu. Nadai jambo dogo zaidi, ambalo karani yeyote wa takwimu analiweza. Kila shule ya sekondari, ya serikali na ya binafsi, inapotangaziwa matokeo ya kidato cha nne, itangaziwe pamoja nayo idadi ya wanafunzi iliyowapokea kidato cha kwanza miaka minne nyuma, na waliokwenda wapi wale wasiokuwamo. Waliofariki waandikwe, waliohama na wazazi wao waandikwe, waliokariri kidato cha pili kwa kanuni waandikwe. Madaftari ya usajili yapo, na kila mtahiniwa ana namba yake. Shule iliyopokea watoto mia na kuwafikisha mia mtihanini ingejulikana, hata kama alama zake ni za kati. Na ile iliyopokea mia na kufikisha sitini, wote wakiwa na daraja la kwanza, mzazi anayekuja na karo mkononi angeweza kuiuliza wale arobaini wako wapi.